Meseji za kulipia usizoziomba: jinsi ya kujua nani anakukata salio, na namna ya kumzuia

Kabla ya kubonyeza chochote, elewa hela inakatwa wapi. Haikatwi kwenye simu yako. Inakatwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambako namba yako imeandikwa katika orodha ya waliojiunga na huduma fulani: nyota, dondoo za mpira, mistari ya Biblia, mawaidha, mapenzi, chemsha bongo, nafasi za kazi. Kila siku au kila wiki mtambo unaipitia orodha, unakata, kisha unatuma meseji. Ndiyo maana kufuta meseji hakusaidii, kubloku namba hakusaidii, na hata kununua simu mpya hakusaidii maadamu laini ni ileile. Kubloku ni kubaya zaidi, kwa sababu makato yanaendelea na wewe huyaoni tena.

Nyuma ya meseji hiyo kuna pande mbili. Kuna kampuni ya maudhui, ambayo imepata namba fupi (namba ya tarakimu chache tu, kama 15xxx) na kuandaa huduma, na kuna kampuni ya simu, ambayo inakata salio lako na kugawana mapato na mwenye maudhui. Ukilalamika, wa kwanza hapatikani na wa pili atakuambia hiyo huduma si yake. Usikubali jibu hilo. Aliyeshika salio lako na kulitoa ni kampuni ya simu, na mkataba wako ni na yeye.

Kwanza hakikisha tatizo ni hilo

Salio hupotea kwa njia nyingi, na watu wengi huhangaika kujitoa kwenye huduma ambazo hawamo. Mkosaji wa kawaida ni data: kifurushi kimeisha usiku, simu ikaendelea kusasisha programu na kula salio la kawaida. Mwingine ni mkopo wa salio kama Nipige Tafu ya Vodacom au Okoa Jahazi ya Safaricom. Hapo ukiweka vocha, deni linachukuliwa papo hapo. Wa tatu ni kifurushi kinachojirudia chenyewe kwa sababu wakati wa kununua ulichagua kijiunge kila siku.

Kipimo chake ni rahisi, kinahitaji saa 24 tu:

1. Zima data kabisa. Kama simu ni ya laini mbili, zima kwa laini zote.
2. Hakikisha hudaiwi mkopo wa salio.
3. Weka salio dogo, kwa mfano Sh 500, na usinunue kifurushi.
4. Angalia salio na uliandike pamoja na saa. Tanzania piga *102#. Safaricom ya Kenya piga *144#.
5. Usipige simu wala kutuma meseji kwa saa 24, kisha angalia tena.

Salio likiwa limepungua kwa kiasi kilichonyooka, kama 50, 100, 150 au 200, uko kwenye huduma ya kulipia. Likiwa limebaki kama lilivyo, tafuta kosa kwenye data. Fanya kipimo hiki kwa siku saba ukiweza, maana baadhi ya huduma hukata mara moja kwa wiki.

Kuna kitu kinachowachanganya watu wengi hapa: salio hukatwa dakika chache tu baada ya kuweka vocha, hata kama laini ilikaa tupu wiki nzima. Mtambo ulijaribu kukata ulipokuta sifuri, ukaandika kwamba umeshindwa, na unaendelea kujaribu tena na tena mpaka ukute hela. Kwa hiyo kuacha laini bila salio hakukutoi kwenye huduma. Kunaahirisha makato tu.

Tofautisha aina tatu za meseji

Tangazo la kawaida ("Pata GB 2 kwa Sh 2,000 leo tu") linakera lakini kulipokea hakukati hela. Meseji ya kulipia hukata. Meseji ya utapeli ("ile hela nitumie kwenye namba hii") haikati kitu mpaka wewe mwenyewe utume. Kila moja ina mahali pake pa kupelekwa, na ukizichanganya utazungushwa.

Za utapeli, Tanzania zinatumwa kwenda 15040, namba iliyotolewa na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, kwa kazi hiyo. Kenya, wateja wa Safaricom huzituma kwenda 333. Usitumie namba hizo kulalamikia huduma ya nyota, utapoteza muda. Matangazo ya Safaricom huzimwa kwa *456*9*5#, na mara nyingi mwisho wa tangazo lenyewe utaona maneno "STOP *456*9*5#". Angalia usidhani umemaliza hapo: kuzima matangazo na kujitoa kwenye huduma unayolipia ni mambo mawili tofauti.

Isome meseji kabla ya kuifuta

Chukua mfano huu, ambao umeandikwa kwa muundo wa kawaida wa meseji hizi:

"Hongera! Umejiunga na DONDOO. Utakatwa Tsh 100/siku. Kujitoa tuma ONDOA DONDOO kwenda 15xxx."

Humo ndani mna vitu vinne unavyovihitaji: jina la huduma (DONDOO), kiasi na kipindi (100 kwa siku), neno la kujitoa (ONDOA DONDOO, siyo ONDOA peke yake), na namba fupi. Sh 100 inaonekana kama si kitu, lakini kwa mwezi ni 3,000 na kwa mwaka ni 36,500.

Piga skrinshoti ya meseji ya kwanza kabisa kutoka kwenye namba hiyo, ile ya "umejiunga", kwa sababu inabeba tarehe na saa uliyoandikishwa. Hiyo ndiyo tarehe utakayomuuliza mtoa huduma. Kama uliifuta, piga ya zamani kuliko zote iliyobaki. Kwenye kiswaswadu kisichopiga skrinshoti, nakili kwenye daftari au piga picha kwa simu nyingine.

Wakati mwingine mtumaji anaonekana kwa jina badala ya namba. Meseji ya namna hiyo huwezi kuijibu, na ukijaribu itagoma. Neno la kujitoa lazima liende kwenye namba fupi iliyotajwa ndani ya meseji. Kama haikutajwa, ruka moja kwa moja hadi kupiga huduma kwa wateja.

Kujitoa kwa meseji

Fungua meseji mpya kabisa, andika neno la kujitoa kama lilivyoandikwa, tuma kwenda namba fupi ileile. Maneno yanayotumika zaidi ni STOP, ONDOA, JITOE, TOKA na SITISHA, yakiwa peke yake au yakifuatiwa na jina la huduma. Subiri jibu la kuthibitisha kwamba umeondolewa, na ulitunze.

Jibu lisipokuja, au likija la "neno si sahihi", sababu huwa moja kati ya hizi, na inafaa kuzipitia kabla ya kukata tamaa:

Umetuma kwa laini nyingine. Hili ndilo kosa kubwa kwenye simu za laini mbili. Laini namba 1 ndiyo imejiunga, lakini simu imepangwa kutuma meseji kwa laini namba 2. Mtambo unatafuta namba yako ya pili, haiioni, unanyamaza. Chagua laini kwa mkono kabla ya kutuma.

Umeandika maneno ya ziada. Anayesoma ni mashine, na inatafuta neno moja tu. "Naomba mnisitishie tafadhali" haieleweki kwake. Vilevile nukta ya mwisho, emoji, au sahihi inayojiweka yenyewe chini ya meseji inaweza kuharibu. Angalia pia kibodi isibadilishe neno: simu iliyopangwa Kiingereza hupenda kugeuza maneno ya Kiswahili.

Huna salio. Kwenye baadhi ya namba fupi, kutuma neno la kujitoa hutozwa kama meseji ya kawaida, na kifurushi cha SMS mara nyingi hakifanyi kazi kwenye namba fupi. Laini ikiwa sifuri, meseji haitoki. Weka salio dogo kisha tuma mara moja, kabla mtambo haujalikomba.

Umo kwenye huduma zaidi ya moja chini ya namba fupi ileile. Ukijitoa DONDOO, inabaki NYOTA. Jaribu STOP ALL, na kama haikubaliki, jitoe moja moja.

Kuna onyo moja. Jitoe kwa njia hii kwenye namba fupi tu. Meseji iliyotoka kwenye namba ya kawaida ya simu ikikutaka ujibu STOP, au ubonyeze linki ili kujitoa, usiijibu. Unachomthibitishia hapo ni kwamba namba iko hai na mtu anaisoma.

Kupiga huduma kwa wateja, na maswali ya kuuliza

Tanzania namba ni 100 kwa mitandao yote. Safaricom ni 100 kwa malipo ya kabla na 200 kwa wa malipo ya baada. Piga kwa laini ileile inayokatwa. Usianze kwa hasira wala kwa maelezo marefu. Uliza moja kwa moja, ukiwa na kalamu:

1. Namba yangu imejiunga na huduma zipi za ziada kwa sasa? Nitajie zote, na namba fupi za kila moja.
2. Kila moja ilijiungwa tarehe gani, saa ngapi, na kwa njia gani: meseji, menyu ya USSD (ile ya kupiga nyota na reli, kama *102#), simu ya sauti au intaneti?
3. Niondoe kwenye zote sasa hivi.
4. Naomba laini yangu izuiwe kabisa kujiunga na huduma za maudhui za kulipia.
5. Naomba nirudishiwe makato ya tarehe hizi hadi hizi.
6. Namba ya lalamiko langu ni ipi?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Njia ya kujiunga inakuonyesha mlango ulioachwa wazi: wakikuambia "intaneti", tatizo ni linki au programu, wakisema "menyu", kuna mtu alibonyeza. Na wakishindwa kutaja njia yoyote, hawana ushahidi kwamba ulikubali, na dai lako la kurudishiwa linapata nguvu.

Ombi la nne halitajwi na mhudumu usipolitaja wewe. Liombe kwa uwazi. Eleza kwamba unachotaka kuzuiwa ni maudhui ya kulipia tu, siyo namba fupi zote, maana meseji za benki na za huduma za kifedha nazo huja kwa njia zinazofanana, na mhudumu mwenye haraka anaweza kuzima zaidi ya ulichoomba. Baada ya zuio jaribu kuingia kwenye benki yako ya simu uone kama namba ya siri ya mara moja bado inakufikia.

Kama unakatwa kwa ajili ya wimbo wa muito, hiyo nayo ni huduma ya ziada na ina menyu yake. Skiza ya Safaricom, kwa mfano, inasimamiwa kwa *811#.

Uliandikishwaje bila kujua

Ukijitoa bila kuziba mlango, utajikuta umo tena. Milango mikubwa ni hii.

Intaneti ya simu. Unapotumia data ya laini, mtandao unaweza kuitambulisha namba yako kwa ukurasa wa huduma ya kulipia bila wewe kuiandika popote. Tangazo linajitokeza katikati ya mchezo au video, unagusa "Endelea" au unakosea alama ya kufungia, na usajili umekamilika. Kwa Wi-Fi njia hii kwa kawaida haifanyi kazi, kwa kuwa mtandao wa simu hauko katikati. Kwa hiyo mtoto akitaka kucheza michezo yenye matangazo, mpe simu iliyo kwenye Wi-Fi, au zima data kabisa.

Meseji inayotokea katikati ya kioo. Inakuja yenyewe ikiwa na maneno ya mvuto na vitufe viwili, na wengi hubonyeza OK ili kuiondoa tu. OK hapo ni kukubali. Bonyeza kufuta au kurudi nyuma. Nyingi hutoka kwenye menyu ya laini, ile programu yenye picha ya kadi ya laini au jina la mtandao wako. Ifungue, tafuta sehemu ya matangazo au taarifa, na uizime.

Mashindano ya redio na televisheni. Unatuma neno mara moja kwa ajili ya kupiga kura au kujibu swali, kumbe masharti yaliyosomwa mbiombio yalisema ni kujiunga. Kabla ya kutuma, tafuta kama bei imetajwa "kwa SMS" au "kwa siku". "Kwa siku" maana yake umejiunga.

Laini iliyotumika. Laini zilizolala muda mrefu hurudishwa sokoni. Ukinunua laini na siku ya kwanza tu ikaanza kupokea dondoo za mpira, huenda umerithi usajili wa mwenye laini wa zamani. Waambie huduma kwa wateja hivyo, kwa kuwa tarehe ya kujiunga itakuwa ya kabla ya usajili wako, na hakuna ubishi hapo.

Programu zenye nia mbaya. Familia maarufu zaidi inaitwa Joker. Programu hizi hujifanya za kupamba picha, kibodi, kusoma PDF au tochi. Zikishaingia hufungua kurasa za malipo kwa siri na kusoma meseji ya uthibitisho kabla hujaiona. Januari 2020 Google ilisema imeondoa programu 1,700 za familia hiyo kwenye duka lake, jambo linaloonyesha kwamba kupakua Play Store peke yake si kinga kamili. Mwaka huohuo, Agosti, ilifichuliwa kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hatari za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya, na zilikuwa zikiwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia. Kampuni mama yake, Transsion, ilimtaja msambazaji katika mnyororo wake kuwa chanzo.

Kwenye Android, fanya hivi. Fungua Mipangilio, ingia Programu, kisha sehemu ya ruhusa maalumu, halafu SMS za kulipia. Kwenye menyu ya Kiingereza pameandikwa "Premium SMS access". Programu yoyote utakayoikuta hapo ambayo si ya meseji, iweke isiruhusiwe kamwe. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, simu huuliza kabla programu haijatuma meseji kwenye namba fupi ya kulipia, lakini mtu akibonyeza ruhusu daima bila kusoma, haitauliza tena. Kisha rudi kwenye ruhusa uangalie programu zinazosoma SMS na zinazosoma arifa. Tochi haina kazi na meseji zako. Ifute.

Makato yakiendelea baada ya kufuta programu zote za mashaka, rudisha simu katika hali ya kiwandani baada ya kuhifadhi vitu vyako. Na kama hata hapo yanarudi, weka laini kwenye kiswaswadu kwa siku tatu. Makato yakiisha huko, tatizo liko ndani ya simu yenyewe, na programu iliyopandikizwa kwenye mfumo haiondoki kwa kurudisha kiwandani. Hapo ni kusasisha mfumo wa simu au kuachana nayo. iPhone haina njia ya programu kutuma meseji bila mkono wako, lakini mlango wa linki na intaneti uko wazi kwake kama kwa simu nyingine.

Lalamiko la maandishi

Simu ya 100 isipotoa matokeo, andika. Maandishi mafupi yenye tarehe na kiasi hujibiwa kuliko kurasa mbili za manung'uniko:

"Mimi ni mteja wa namba 07xx xxx xxx. Kuanzia tarehe 3 hadi 19 mwezi huu nimekatwa Sh 100 kila siku, jumla Sh 1,700, na huduma ya ______ kupitia namba fupi ______. Sikujiunga na huduma hii. Niliripoti kwa simu tarehe ______ na kupewa namba ya lalamiko ______. Naomba ushahidi wa idhini yangu unaoonyesha tarehe, saa na njia ya kujiunga. Kurudishiwa Sh 1,700. Na laini yangu kuzuiwa kujiunga na huduma za maudhui za kulipia. Nimeambatisha picha za meseji."

Peleka kwenye duka la kampuni na ugongewe muhuri nakala yako, au tuma kwa barua pepe. Mdhibiti atakuuliza kwanza kama umelalamika kwa kampuni yenyewe, kwa hiyo nakala hiyo ndiyo tiketi yako ya hatua inayofuata.

Tanzania hatua hiyo ni TCRA, yenye makao Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, pamoja na ofisi za kanda kama Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Taja Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (Ulinzi wa Mtumiaji) za mwaka 2018. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, barua pepe chukuahatua@ca.go.ke, na kanuni za ulinzi wa mtumiaji za mwaka 2010, zinazotaka idhini itangulie matangazo.

Kama namba yako inaonekana kuuzwa, yaani unapokea meseji zenye jina lako kutoka kwa wafanyabiashara usiowajua, hilo ni suala la taarifa binafsi na lina mlango wake: Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019, ambayo inaipa ofisi hiyo siku 90 kushughulikia lalamiko.

Kulinda laini ya mzazi

Wanaoumia zaidi ni wazee wenye viswaswadu, ambao hawasomi meseji na huamini kwamba vocha "inaisha haraka siku hizi". Ukiwatembelea, fungua meseji zao, tafuta namba zote fupi, jitoe kwenye kila moja, kisha piga 100 kwa simu yao na uombe zuio wakiwa karibu nawe, kwa sababu mhudumu atataka kuzungumza na mwenye laini na kumuuliza majina yake kamili.

Baada ya hapo acha kuwatumia vocha. Wanunulie kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye M-Pesa, Airtel Money au huduma ya kifedha ya mtandao wao, kwa kuingiza namba yao. Dakika zinaingia kwenye kifurushi na salio la kawaida linabaki sifuri, na huduma hizi hukata kutoka salio la kawaida. Waambie wasikope salio, maana mkopo huo huingia palepale mtambo unapokata, na deni linabaki kwao. Piga *102# kwenye simu yao baada ya siku saba, na ufungue tena meseji zao. Likionekana kato jipya au meseji mpya ya kulipia, angalia namba fupi: ikiwa ileile uliyojitoa, una ushahidi wa kupeleka kwa mdhibiti, ikiwa mpya, zuio halikuwekwa, na unapiga 100 tena ukitaja namba ya lalamiko la kwanza.